Kompyuta inayozimika kila jioni: usinunue ubao mama bado

Msomaji wa Donholm, Nairobi, ameniandikia hivi:

"Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani niliyonunua Luthuli Avenue, zile za ex-UK. Ilikuwa sawa kabisa. Mwezi wa Machi niliongezewa RAM ya GB 4 juu ya ile GB 4 iliyokuwamo, kwa sababu mtoto anaitumia kwa masomo. Tangu Pasaka haina amani. Mara skrini inakuwa ya bluu yenye maandishi kisha inajiwasha upya, mara inazimika tu pap, hasa jioni. Fundi wa mtaani ameifomati mara mbili. Kila akifomati inatulia siku kadhaa, halafu inarudia yale yale. Sasa anasema ubao mama umekufa, ninunue mwingine au niiuze kama vipuri. Hesabu zote za chama chetu zimo humo. Nifanye nini?"

Dada yangu, usinunue ubao mama (ile sakiti kubwa inayounganisha vifaa vyote) bado, wala usikubali ifomatiwe mara ya tatu. Umetaja mambo mawili ambayo naona fundi wako ameyafanya kuwa moja. Skrini ya bluu na kuzimika pap havifanani hata kidogo. Skrini ya bluu inapotokea, Windows yenyewe imegundua kwamba kuna kitu hakiaminiki tena na imeamua kusimama kabla data haijaharibika. Inapata hata nafasi ya kuandika sababu. Kompyuta inapozimika pap, hakuna kilichoamua chochote. Umeme haukufika, au ulikatwa ili kitu kisiungue. Ninavyosoma barua yako, nadhani una hitilafu mbili ndani ya kasha moja, na mtu anayetafuta sababu moja ya zote mbili ataishia kulaumu ubao mama, kwa kuwa ndio unaogusana na kila kitu.

Lakini kwanza hesabu za chama. Leo, si kesho, nakili mafaili yote kwenye flashi, kisha weka nakala nyingine nje ya nyumba: kwenye hifadhi ya mtandaoni, au hata ujitumie kwa barua pepe. Fanya hivyo asubuhi, wakati mashine ina utulivu. Kuanzia hapo lolote litakalotokea katika majaribio yetu litakuwa usumbufu, halitakuwa msiba wa wanachama wote. Na fundi yeyote atakayeifungua asikuambie "usijali, data iko sawa" kabla hujaziona nakala hizo zikifunguka kwenye kompyuta nyingine.

Sasa tuulize kwa nini kufomati kulileta nafuu ya siku chache, maana hapo ndipo wengi wanadanganyika. Windows iliyowekwa upya ni nyepesi. Haijapakua masasisho, kivinjari hakijafunguliwa kurasa kumi na tano, hakuna programu zinazojiwasha zenyewe. Inatumia sehemu ndogo ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachofanyia kazi. Kama kwenye RAM kuna eneo bovu, inaweza kukaa siku kadhaa bila kuligusa. Kisha mtoto anafungua darasa la video, wewe unafungua jedwali la michango, RAM inajaa, na data inaanguka kwenye eneo lile lile. Skrini ya bluu. Kufomati kwa hitilafu ya namna hii ni kupaka rangi ukuta unaovuja: utapendeza mpaka mvua inyeshe. Jambo linalonikera zaidi ni kwamba kila kufomati kulifuta ushahidi. Windows ikianguka kwa skrini ya bluu huacha faili dogo la maelezo kwenye folda ya C:\Windows\Minidump. Mafaili yako ya tangu Pasaka yamefutwa mara mbili.

Basi tuanze kukusanya mapya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Nenda kwenye kichupo cha Advanced, bonyeza kitufe cha Settings kilicho kwenye sehemu ya Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye kisanduku kinachoruhusu mashine kujiwasha upya yenyewe baada ya kuanguka. Sasa skrini ya bluu itakaa pale pale mpaka uizime mwenyewe, na utapata muda wa kuipiga picha kwa simu. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya mtu yeyote, mimi nikiwemo. Tunachotaka ni lile jina la kosa lililoandikwa kwa herufi kubwa na mistari ya chini, kwa mfano MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kama majina yanabadilikabadilika, leo hili kesho lile, shuku RAM. Kama ni jina moja kila siku na chini yake panatajwa faili lile lile lenye mwisho wa .sys, shuku draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani. Ukiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, inalalamika juu ya vifaa. Hapo nitafikiria joto au umeme kabla ya kitu kingine.

Kwa zile siku za kuzimika pap, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku mashine ilipoanguka. Kisha andika eventvwr, ufungue kumbukumbu za mfumo na utafute tukio namba 41 lenye jina la Kernel-Power. Watu wengi huliona na kusema "ndiyo hii, ni umeme," lakini tukio hilo linamaanisha tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Fungua maelezo yake uangalie namba ya BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata nafasi ya kusema lolote: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa. Ikiwa ni namba nyingine, ilianguka kwa skrini ya bluu hata kama hukuiona. Namba 26, kwa mfano, ndiyo MEMORY_MANAGEMENT. Chukua daftari uandike tarehe, saa, namba hiyo, na nini kilikuwa kikiendelea nyumbani. Kwa tatizo lako safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, nitaeleza punde.

Tuje kwenye RAM. Umesema iliongezwa Machi na matatizo yakaanza Pasaka. Fundi aliyekuja na jibu la ubao mama alipaswa kuuliza swali hili kabla ya jingine lolote: ni nini kilichobadilika muda mfupi kabla ya shida? Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, fungua kasha, gusa chuma kisichopakwa rangi, kisha uitoe ile RAM mpya. Itumie mashine na GB 4 za zamani kwa wiki moja. Itakuwa nzito, mtoto atalalamika, vumilieni. Skrini za bluu zikikoma, umeshapata nusu ya jibu bila kutoa hata shilingi.

Hilo halimaanishi moja kwa moja kwamba RAM mpya ni mbovu. Huenda hazipatani tu. Kompyuta nyingi za ofisi za umri huo zinatumia DDR3, na kuna mbili zinazoingia tundu lile lile: ya volti 1.5 na ile yenye herufi L, DDR3L, iliyotengenezwa kwa volti 1.35. Kasi nazo hutofautiana. Mara nyingi mchanganyiko unakubali, mara nyingine unakubali nusunusu, na nusunusu ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa mashine inawaka vizuri na kukuangusha baadaye. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kila moja ulinganishe. Ukiwa hapo, safisha ile mistari ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli na upanguse vumbi lake lote kabla ya kurudisha. Mafundi wetu hufanya hivyo kila siku na mara nyingi husaidia, hasa kwenye mashine iliyokaa miaka bila kufunguliwa.

Kisha pima kwa kweli. Windows ina kipimo chake: andika mdsched, kubali kuwasha upya, kisha ubonyeze F1 na uchague kipimo kirefu. Si kikali sana, na kikisema hakuna kosa bado siridhiki. Kinachoaminika zaidi ni MemTest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Iache usiku kucha. Hapa hakuna alama za kufaulu kwa wastani: kosa moja tu ni kosa. Pima RAM moja moja, katika tundu moja, kisha katika tundu la pili. Kosa likiifuata RAM kila inakohamia, RAM ndiyo mbovu. Kosa likibaki kwenye tundu hata ukibadilisha RAM, hapo ndipo ubao mama unaingia kwenye mashtaka kwa haki. Muulize fundi wako kama alifanya hivi. Ukimuuliza "umepima nini?" hutakuwa umemkosea heshima.

Sasa umeme, ambao nauona ndio chanzo cha ile pap ya jioni. Kwa nini jioni? Fikiria flati yenu saa moja hadi saa tatu za usiku. Watu wamerudi kazini, birika zinachemka, pasi zimewashwa kwa sare za kesho, na shawa za papo hapo zinafunguliwa kila ghorofa. Shawa moja ya kilowati 5 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 20. Nyaya za jengo zikiwa nyembamba au zimeunganishwa vibaya, volti zinashuka kwa kila mtu aliye kwenye mkondo huo. Taa inafifia kidogo, hujali. Kompyuta inajali.

Inajali kwa sababu ya kifaa kinachoitwa pawa saplai, kile kisanduku cha chuma nyuma ya kasha kinachopokea waya wa ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Umeme ukikatika ghafla, pawa saplai nzima iliyobebeshwa mzigo wake wote inatakiwa kuishikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 au 17 kwa chaji iliyohifadhi kwenye kapasita zake, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji. Umeme wetu wa hezi 50 unakamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Kwa hiyo hata mashine mpya, ikiwa na mzigo wake wote, huenda isivumilie pengo la mizunguko miwili. Yako imefanya kazi ofisini Uingereza kwa miaka, ikasafiri, ikauzwa, ikafanya kazi tena. Kapasita zake zimechoka na akiba yake imepungua. Kinachotokea ni kwamba televisheni haikatiki, jirani hajui lolote, na kompyuta yako imezimika pap.

Ndiyo maana nimekuomba uandike kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Kama mara tatu mfululizo ilizimika mtu alipoingia bafuni, unajua pa kuangalia. Kabla ya kununua chochote, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Iondoe kwenye ekstensheni, hasa zile nyepesi zilizobeba televisheni, ruta, chaja nne na spika. Shika plagi baada ya saa moja: ikiwa ya moto, soketi au ekstensheni imelegea. Kama umeipitisha kwenye tivi gadi au friji gadi, itoe huko pia. Vifaa hivyo vimetengenezwa kukata umeme volti zikishuka au kupanda kupita kiasi, kisha kusubiri kabla ya kuurudisha. Kwa friji ni ulinzi mzuri. Kwa kompyuta, kukata huko ndiko kule kule kuzimika unakokukimbia.

Halafu azima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika, kwa rafiki au ofisini kwa siku tatu, iliyo na betri nzima. UPS za kawaida huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde chache, chini ya muda ambao pawa saplai nzima inaweza kuvumilia. Mashine ikitulia jioni zote, tatizo liko kwenye umeme wa jengo. Ikiendelea kuzimika hata ikiwa kwenye UPS, na UPS yenyewe haikuzimika, basi ama pawa saplai imechoka ama kuna joto. Hapo mwombe fundi aweke pawa saplai nyingine anayojua ni nzima, kwa majaribio tu. Angalizo: kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP za miaka hiyo hutumia plagi zao wenyewe za pini chache, si ile ndefu ya pini 24, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kuifungua pawa saplai nyumbani kuangalia ndani. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Joto nalo lina tabia yake. Mashine inayozimika kwa joto huanza vizuri, hufanya kazi kwa muda, hujizima kazi ikiwa nzito, na ukiiwasha papo hapo hujizima mapema zaidi. Inayozimika kwa umeme haina ratiba hiyo. Itazimika hata ukiwa unaandika barua tu. Vumbi la Eastlands, upande wenu wa Nairobi, linaziba feni haraka. Nairobi pia iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na feni ile ile inaondoa joto kidogo pungufu ya pale Mombasa ikiwa hewa ina joto lile lile. Weka programu ya HWiNFO au HWMonitor utazame joto la prosesa wakati mtoto yuko kwenye video. Likicheza kati ya nyuzi 60 na 75, sina neno. Likigonga 95 na kuendelea, izime, chomoa waya, fungua kasha, puliza vumbi nje huku umeizuia feni isizunguke kwa kidole, na umwombe fundi abadilishe ile krimu kati ya prosesa na chuma chake. Kwa mashine ya umri huu imeshakauka.

Diski na programu sizipi uzito sana kwako, ila zisiachwe. CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski kwa dakika moja. Ikiwa ya njano, tazama safu za 05, C5 na C6. Zikiwa na namba badala ya sifuri, diski inapoteza sehemu zake. Usiendeshe chkdsk, kile kikaguzi cha diski cha Windows, kwanza, maana itaichosha zaidi. Nakili data kwanza, kisha ibadilishe. Upande wa programu, muulize fundi aliiweka Windows gani na kwa flashi ipi. Kama ni ile iliyovunjwa leseni, ameifomati mara mbili kwa chanzo kile kile, na kama kuna ubovu ndani yake, amerudisha ubovu ule ule. Programu yenye ruhusa za ndani kabisa ina nguvu ya kuangusha mashine nzima: tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, na vifaa vyake vyote vilikuwa vizima. Kwa hiyo pia usiwe na antivairasi mbili kwa pamoja. Ile inayokuja na Windows inatosha kwa kazi zako.

Kuna jambo nitakusihi katika haya yote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitoa RAM, ukaazima UPS na kupuliza vumbi siku ile ile, mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na utanunua vitu vitatu badala ya kimoja. Mpangilio ambao ningeufuata ni nakala za data, kisha RAM mpya nje kwa wiki moja, kisha soketi na UPS ya kuazima, kisha joto. Fedha zisitoke mfukoni kabla hujafika mwisho wa mstari huo.

Ubao mama nitaukubali kuwa mbovu nikiona moja kati ya haya: RAM nzima zilizopimwa kwingine zinatoa makosa kwenye matundu yake, kapasita zake zimevimba juu au zinatoa uchafu wa kahawia, au bado inazimika ikiwa na pawa saplai nzima, joto la kawaida na RAM nzima. Hata hapo, fikiria kabla ya kuutafuta ubao wa aina ile ile. Kama prosesa ni Intel ya kizazi cha nne au cha sita, haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Pesa za ubao huo ziweke kuelekea mashine ya kizazi cha nane au zaidi, na uihamishie diski yako ikiwa nzima.

Na ukiishia kununua UPS, ambayo kwa jioni za flati yenu nadhani utaihitaji kwa vyovyote, chomeka humo kasha la kompyuta, skrini na ruta tu. Printa ya leza iache ukutani, kwa sababu inapopasha moto karatasi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuizidi UPS ndogo, nayo itaizima kompyuta ile ile uliyoinunulia UPS ili kuilinda. Baada ya miaka mitatu hivi, ichomoe UPS ukutani ukiwa hujafungua kazi yoyote, uone betri inashikilia dakika ngapi.